Tuandikisheni kama Mishiri

Kwa Ofisa wa Viza (jina halikuandikwa kwenye barua yako),
Ubalozi wa nchi mojawapo ya Schengen,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: OMBI LA FAMILIA KUSAFIRISHWA KAMA MBOGA

Nakuandikia kutoka Runyenjes, Embu. Pasipoti zetu zimerudi salama, pamoja na ile karatasi yenu ya visanduku. Tumefurahi kuona tiki imewekwa kwa uangalifu mkubwa, haikutoka nje ya kisanduku hata kidogo. Kisanduku chenyewe ni kile cha mashaka: kwamba haieleweki kama tuna nia ya kuondoka kwenu kabla viza haijaisha. Majirani hawakuhitaji kusomewa. Wengi wanacho kabatini.

Tulichoomba kilikuwa kidogo: kuuona mji wenu. Asubuhi tupande boti, watoto wahesabu madaraja. Mchana tuingie makumbusho. Jioni mama yangu akae kwenye benchi na viazi vya kukaanga, atazame watu wakipita na baiskeli zao. Kisha turudi, kwa sababu Oktoba ni bonasi ya majani chai, na mtu wa Embu aliyeikimbia bonasi yake bado sijamsikia.

Kwa starehe hiyo tuliwapa taarifa za benki, hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya mwajiri wa mke wangu, tiketi za kurudi, bima ya euro 30,000 kwa kila kichwa, na ada ya euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto. Mgeni wenu akitaka kuja Kenya hulipa dola 30 kwa simu akiwa amejilaza kitandani. Viza tuliiondoa Januari 2024. Akifika, hupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, au huenda Mbuga ya Meru kuona kaburi la Elsa, simba jike wa Joy Adamson. Hakuna anayemhoji kwa nini mtu mzima avuke bahari kutazama kaburi la simba. Ni mtalii, kutazama kunamtosha. Macho yetu ndiyo ambayo lazima yawe yanaficha jambo. Dada wawili wa Elsa walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam mwaka 1956, na hawakuulizwa nia ya kurudi. Hawakurudi, na hakuna aliyelalamika.

Basi tumekaa kama familia tukashauriana. Mke wangu, ambaye ni Mmeru wa Maua, alipendekeza tuje kama miraa. Nikamkumbusha kwamba Uholanzi iliifungia mlango mwaka 2013, Uingereza 2014. Chai nayo hungoja mnada Mombasa, halafu meli, na likizo ya watoto ni fupi. Tukaafikiana: mtuandikishe kama mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupandishwa ndege.

Tumeliwaza jambo hili kwa kina. Mishiri huchumwa, ikapelekwa kibandani, ikapangwa kwa unene. Tuko tayari kupangwa. Binti yangu ni mwembamba kabisa, soko lake ni la uhakika. Mimi nitaingia daraja la pili, na sitakata rufaa. Wakaguzi wa mimea wa KEPHIS watukague, watupe cheti kwamba hatuna wadudu. Katoni iandikwe namba ya mkulima, ili mtu wenu akitaka kujua tumetoka shamba gani aambiwe mpaka mtaro. Tutiwe kwenye chumba cha baridi. Julai ya Runyenjes imeshatuzoesha. Lori litupitishe Thika hadi uwanja wa ndege usiku, na baada ya siku chache tuwe kwenye rafu ya duka lenu, tumefunikwa nailoni, tumeandikwa “Kenya” kwa herufi za kupendeza. Kutoka hapo rafuni hadi kwenye boti tutajitegemea.

Na mkitukataa, tukataeni kama mishiri. Mzigo wa mishiri ukizuiwa kwenu, hutolewa maelezo: dawa ni ile, imepatikana kiasi hiki, kinachoruhusiwa ni hiki. Mkulima akajua la kurekebisha. Mmea unaelezwa. Mama yangu alipewa tiki.

Siku ya kupeleka maombi aliamka usiku wa manane, Mheshimiwa, akajifunga kitambaa cha kanisani, na tukashuka Nairobi, kwenye kituo cha matatu cha Tea Room, kukiwa bado giza. Kwenye ofisi ya maombi ya viza, mashine ya alama za vidole ikashindwa kumsoma. Kijana wa dirishani akampangusa vidole kwa kitambaa chenye maji. “Shosho, bonyeza tena.” Akabonyeza. “Tena, shosho.” Chai aliyoichuma tangu akiwa msichana imeifuta mistari yote. Mama yangu akaiomba mashine msamaha. Halafu mtu aliyekaa pazuri, labda na kikombe cha chai hiyo hiyo mezani, akaamua kwamba huyu atajificha kwake. Ajifiche wapi? Aache ng'ombe wake, kaburi la mumewe na jumuiya yake ya kanisa, akaoshe vyombo vyenu? Hivi hamna haya?

Niwie radhi. Tuendelee.

Mengine ni madogo. Tajeni ni pesa ngapi za benki zinazowaridhisha, tuzitafute tukijua. Pasipoti zirudi kabla shule hazijafunguliwa. Wanaongoja nje wapate kivuli. Anayekataa atie jina, hata la kubuni.

Tutaomba tena mwakani. Ada tumeshaanza kuiweka kando, maana hiyo ndiyo sehemu pekee ya maombi yetu ambayo hamjawahi kuitilia mashaka.

Wako mtiifu,
Baba Watoto,
Runyenjes.