Mhadhara Mkuu Kuhusu Joho, Jini na Marinda

Ushonaji wa kujifurahisha katika Handeni na Korogwe ni tawi la fasihi. Wanafasihi hawajaikubali hoja hii kwa sababu hawajui kutunga uzi sindanoni, na washonaji hawajaikubali kwa sababu hawajaulizwa. Lakini mtaalamu wa fani hii, ambaye mpaka sasa ni mmoja tu, aliyejitahini mwenyewe kwa ukali na kufaulu, ameshaipitisha. Fani inachunguza watu wanaoshona kwa hamu, si kwa njaa: mwalimu wa sekondari, muuguzi aliyetoka zamu, karani mstaafu wa shamba la mkonge, mama mwenye duka la vipodozi. Jioni hukusanyika barazani, cherehani moja kwa watu wanne, wakazungumza mambo mawili tu. La kwanza ni riwaya zenye majini, falme za angani na watu waliogeuzwa mawe. La pili ni darasa la kubuni mavazi: nani anafundisha, ada kiasi gani, na kwa nini mkono wa gauni uliokatwa kwa kanuni za darasani haukai begani.

Ramani itangulie, kwa kuwa mhadhara usio na ramani ni porojo. Korogwe ilifikiwa na reli ya Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1902, na kwa reli huja vitambaa, nyuzi na vitabu. Hivyo Korogwe, kwa mujibu wa nadharia, ni mji wa hadithi zilizochapwa. Handeni haikupitiwa na reli hiyo, ikabaki na hadithi za mdomoni: mazimwi ya Wazigua, na juu ya yote Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, nchi iliyokuwa ndani ya Handeni ya zamani kabla Kilindi haijawa wilaya mwaka 2002. Mbega alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia, akanyimwa urithi, akapanda milima ya Usambaa na mbwa wake, akaua simba, akatawazwa Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho wasomaji wa kawaida hukiita historia. Mtaalamu anakiita riwaya ya ajabu yenye tatizo la mavazi. Mwindaji anaingia nchi ya baridi, amevaa nini? Hukumu ya mhadhara ni koti la ngozi ya simba, mabega mapana, kola ya manyoya. Mafundi wa Handeni hujibu kwamba ngozi ya simba haipiti kwenye cherehani ya Butterfly, kwamba sindano namba 16 itakatika kabla bega moja halijaisha, na kwamba ngozi mtu hujitupia begani mwenyewe bila kusumbua fundi. Majibu haya yameorodheshwa kama uthibitisho.

Barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya miji hiyo miwili imeuharibu mgawanyo huu kwa kiasi cha kusikitisha. Mtu wa Handeni sasa hufika Korogwe asubuhi kununua zipu na lasi, akarudi mchana na kitabu cha kuazima mkobani, na nadharia inabaki barabarani.

Kuhusu mashine hakuna mengi. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na cherehani ya kukanyaga ndiyo inayotawala baraza hadi leo, ingawa kituo cha Hale, humo humo wilayani Korogwe, kilianza kufua umeme mwaka 1964. Mafundi wanaeleza kwamba mguu haukatiki katikati ya pindo.

Elimu rasmi ya ushonaji ina vyanzo vinavyojulikana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, kwa wazo ambalo Nyerere alilitoa kwenye vyuo vya watu wazima vya Uswidi, na Handeni ina chuo chake. VETA nayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Huko mwanafunzi huanza na futi: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kisha huchora patani kwenye karatasi ya kaki, na ndipo hukabidhiwa mkasi. Anayeshona kwa hamu hana nafasi ya kukaa bweni, hivyo hujifunza kwa fundi jirani Jumamosi mbili tatu, akilipa kwa sukari au kwa kumshikia mtoto.

Kutokana na malezi haya mawili yamezuka madhehebu mawili. Wa patani hawagusi kitambaa bila mchoro. Wa jicho humtazama mteja kuanzia utosini hadi visiginoni, hufumba jicho moja, hukata kitenge papo hapo. Utafiti wa kina, uliofanywa kwa kukaa kwenye benchi na kunywa chai ya wenye cherehani, umebaini kwamba wa patani hupenda riwaya ambazo uchawi wake una masharti: pete isuguliwe, neno litamkwe, usiku wa manane usipite. Wa jicho hupenda riwaya ambazo mambo hutokea tu, kwa kuwa nguo zao nazo hutokea tu.

Mgongano wao mkubwa ni joho la mchawi. Tangu vitabu vya J.R.R. Tolkien mpaka vile vya Harry Potter vilivyoanza kutoka mwaka 1997, hakukosekani mzee mwenye joho linaloburura, na yadi hazitajwi. Mtaalamu alitamka kwamba joho la heshima ni duara kamili. Wa patani wakachukua chaki. Shingo ya sentimita 40 ikigawanywa kwa 6.28 inatoa nusu kipenyo cha sentimita 6 na kidogo. Ongeza urefu wa sentimita 140 kutoka shingoni. Duara zima linafikia kipenyo cha karibu mita 3. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, hivyo viungwe vipande vitatu, kila kimoja karibu mita 3, jumla karibu mita 9. Yadi 6 hazifiki mita 5 na nusu. Mchawi hana budi kununua yadi 12, na kitakachobaki awashonee wajukuu.

Nusu duara, kinyume chake, inatoka ndani ya yadi 6. Shingo ileile inagawanywa kwa 3.14, nusu kipenyo chake kinakuwa karibu sentimita 13. Kipande cha kwanza kinakatwa mita 3 na sentimita chache. Cha pili, cha kuziba upinde wa chini, mita 2. Panabaki kama sentimita 40, ambazo toa za pindo, kisha jaribu kilemba. Mshono wa kuungia unaangukia nyuma, chini kidogo ya goti, mahali ambapo mtu mwenye haraka hautambui. Kwa hesabu hiyo mchawi yeyote anayenunua kitenge cha yadi 6 amevaa joho lililo wazi mbele, lenye kishikizo kimoja shingoni, na upana uliozidi hapo ni maneno ya mwandishi. Wa jicho waliusikiliza mjadala huu wote kwa adabu. Walikuwa wamekwishakata.

Katika vitabu vya Kiswahili, Kusadikika (1951) cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, ndicho kinachosumbua baraza zaidi. Nakala zinazozunguka ni chache na nyingi zimechakaa, na katika baadhi yake kurasa za mwisho zimegeuzwa patani ya kola, jambo linaloufanya mjadala wa mwisho wa kisa uwe huru kuliko kawaida. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Wanafasihi wametumia miongo mingi kueleza kwamba hiyo ni istiari ya utawala wa kikoloni, na kwa kufanya hivyo wamelikwepa swali gumu: katika nchi isiyo na ardhi chini yake, upepo unavuma kutoka wapi? Ukivuma kutoka chini, sketi ya marinda haivaliki hadharani. Mtaalamu analo jibu. Vipande vya risasi vishonewe ndani ya pindo, kama nyumba ya Chanel ya Paris inavyoshonea mnyororo ndani ya pindo la koti ili koti likae sawa. Swali linalorudi kila mara kutoka Korogwe, kwa heshima zote, ni kwa nini wanawake wa Kusadikika wasivae suruali tu. Swali hilo liko nje ya wigo wa mhadhara.

Kuna pia wajumbe sita wa Kusadikika, waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na mawazo mema na kutiwa gerezani. Kwa msomaji wa kawaida huo ni uonevu. Kwa mshonaji ni oda ya nguo sita za safari kwa hali sita za hewa, ambazo zote zilivuliwa siku ya kurudi na kubadilishwa kwa sare ya mfungwa, na fundi hatajwi popote kama alimaliziwa malipo yake.

Adili na Nduguze (1952) kina shida ndogo zaidi lakini ya kiufundi. Ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Je, tundu la mkia litobolewe juu ya mshono wa nyuma wa suruali, au pembeni yake? Handeni wanasema juu. Korogwe wanasema nyani havai. Nagona cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1990, hakijashonewa chochote mpaka sasa, maana kila anayekisoma akiwa na futi mkononi husahau alikuwa anampima nani.

Hadithi za mbali zimewapa mafundi nafasi kubwa zaidi. Aladini, ambaye Mfaransa Antoine Galland alimpata mwaka 1709 kwa msimulizi wa Aleppo, Hanna Diyab, ni mtoto wa fundi nguo aliyekataa kujifunza kazi ya baba yake. Ndiyo maana akaangukia kwenye taa. Katika ngano moja ya ndugu Grimm wa Ujerumani, dada anawashonea kaka zake sita, waliogeuzwa batamaji, mashati ya maua kwa miaka sita bila kusema neno. Shati la mwisho linakosa mkono wa kushoto, na kaka mdogo anabaki na bawa. Hapa mjadala huwa mrefu, kwa kuwa mkono ndio mtihani wa darasa zima. Kichwa cha mkono lazima kizidi tundu la kwapa kwa sentimita mbili tatu, kisha ziada hiyo imezwe kidogo kidogo kwa uzi wa kushikiza bila kuacha kunyanzi, na mwanafunzi wa Jumamosi mbili huishia na mkono unaotazama nyuma. Kwamba yule dada alishindwa mkono wa kushoto, baraza linaona ni jambo la kila siku. Kwamba alishona miaka sita bila kuzungumza, hilo ndilo wasilolisadiki.

Linabaki suala la siku ya kuchukua nguo, ambalo kwa maoni ya mtaalamu ndilo kiini cha riwaya zote za ajabu. Mwaka 1837 H.C. Andersen wa Denmark alisimulia habari za matapeli wawili waliopokea hariri na dhahabu ya mfalme, wakakaa mbele ya mitambo mitupu ya kufumia, wakamvisha hewa. Wasomaji wengine humcheka mfalme. Barazani huulizwa kwanza kama alitanguliza pesa yote au nusu, kwani desturi ni nusu, na aliyelipa yote amlaumu nani? "Shoga, huyo kajitakia," huwa ndiyo hukumu. Kwa Harry Potter hukumu ni kali zaidi. Katika duka la Madam Malkin mvulana hupandishwa juu ya kigoda, hupimwa joho la shule, na huambiwa tayari kabla mazungumzo na mteja wa pembeni hayajaisha. Wasomaji wa Handeni na Korogwe wameruhusu ufagio upae, picha zizungumze na bundi apeleke barua. Lakini wanazijua sare za Januari na magauni ya Idi, na hapo ndipo kitabu hufungwa.

Mtaalamu amejaribu kuliondoa pingamizi hili kwa nadharia ya muda wa kichawi, bila mafanikio ya haraka. Mhadhara wenyewe ulipangwa utolewe kwa joho la kitenge, nusu duara, yadi 6, lililoagizwa mapema na kulipiwa lote. Fundi amesema limebaki kishikizo tu.