Gramu 24 za Kwenda Muscat

Jumatatu
Shangazi yangu wa Muscat hataki simu. Anasema maneno ya simu hayawekeki chini ya mto. Nimemwandikia karatasi tatu, nikatia na picha ya mjukuu wake, mwanangu wa mwisho. Bahasha nimechagua ile kubwa ya kaki, picha isije ikakunjika.

Karani wa posta ameigeuza mara mbili akaniuliza, "Mzee, ni vyeti vya shule?" Nikamwambia ni salamu. Akasema bahasha yenyewe ni nzito kuliko salamu. Tumerudi nyumbani, mimi na bahasha.

Jumanne
Nimekwenda dukani kuazima mizani. Ya jirani yangu husoma kuanzia robo kilo. Amenishauri niongeze sukari.

Basi nikapiga hesabu. Rimu imeandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba, na A4 16 ndizo zinazotimiza mita hiyo. Kila karatasi, gramu 5. Tatu, 15. Bahasha ndefu, ile inayopokea A4 iliyokunjwa sehemu tatu, gramu 5 hivi. Picha 4. Jumla 24. Karani alisema daraja la kwanza linaishia gramu 20, na anayefika 21 hulipa kama aliyejaza daraja la pili lote.

Mke wangu akauliza kwa nini nisilipe pungufu, barua itafika tu. Itafika, ndiyo. Barua ya nje iliyopungukiwa stempu hupigwa mhuri wa herufi T, kutokana na neno la Kifaransa la kutoza, na mpokeaji hudaiwa kilichobaki. Nimemwazia Shangazi akitoa pochi. Jambo hilo lingezungumzwa katika ukoo hadi nife.

(Uingereza kabla ya 1840 mpokeaji ndiye aliyezoea kulipa, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi nyingine. Sisi tumezaliwa wakati mzuri.)

Jumatano
Picha haitoki. Nimetoa karatasi ya pili, yenye habari za ugomvi wa kiwanja. Ya tatu inaanza, "Kwa hivyo hatusemezani tena." Haijulikani na nani. Gramu 19.

Alhamisi
Mvua usiku kucha, na dirisha lilikuwa wazi. Bahasha ndefu zote kumi zimejifunga zenyewe, tupu. Nimejaribu mvuke wa birika. Moja imefunguka, pamoja na sehemu ambazo hazikuwa na gundi.

Nimepekua kabati nikapata bahasha za kadi zilizobaki harusi ya binti yangu mkubwa. Sentimita 11 kwa 16, na ua la dhahabu nyuma. Picha imeingia sawasawa. Barua imekunjwa sehemu nne, ikaingia kwa kusukumwa.

Ijumaa
Mizani ya posta imesema 18. Sikumbuki lini nimefurahishwa hivyo na namba.

Karani akasema stempu za bei kubwa zimekwisha, akanihesabia ndogo tisa. Juu kulia zimeenea tatu. Kushoto ipo anwani yangu, niliyoiandika kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa, ili barua ikikosa njia irudi. Stempu zikashuka safu ya pili, kisha ya tatu. Ya nane imekaa juu ya sanduku la posta la Shangazi. Ya tisa imefunika Oman.

"Binti, itasomeka?"

"Itasomeka, mzee."

Nyuma yangu palikuwa na watu sita. Nikatumbukiza.

Jumamosi
Nimelala mchana. Sina deni na mtu.

Ijumaa iliyofuata
Nimepita kufungua sanduku langu la posta. Mlikuwa na bili ya maji na barua moja ndogo yenye ua la dhahabu. Stempu zote tisa zimegongwa mhuri vizuri, hakuna iliyorukwa. Pale penye Oman pana twiga. Anwani yangu inasomeka hata kwa asiye na miwani.

Masanduku yetu yako ukutani, nje ya jengo lilelile. Nimehesabu hatua kutoka kaunta ya karani hadi kwenye sanduku langu. Ni 14.