Mkate wa Mama Haufunguki

Daftari la bibi lilishaanza kuachia kurasa. Ijumaa jioni mama akaniagiza: kabla ya Jumapili mapishi yote yawe kwenye intaneti, mama mdogo aliyeko Muscat naye ayaone. Tulikuwa na tovuti moja ya WordPress kwenye seva ya kukodi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress moja inaweza kubeba tovuti nyingi, kila moja na jina lake dogo mbele ya jina kuu. Nikagawa: mapishi kwa mama, mashairi kwa baba.

Mama akagusa jina la tovuti yake kwenye simu. Halipatikani.

Usiku ule niliipekua WordPress yote. Nikazima programu-jalizi moja moja, nikaifuta tovuti ya mama na kuiunda upya mara tatu. Kumbe kosa halikuwa ndani, lilikuwa barabarani: neno "mapishi" halikuandikwa popote kwenye DNS, orodha ya majina na anwani za intaneti, basi simu ingejuaje iende seva gani? Dawa ni rekodi moja yenye alama ya nyota mahali pa jina, ikielekezwa kwenye anwani ya seva. Nyota hiyo hupokea majina yote ambayo hayana rekodi yake.

Alfajiri, simu yangu yenye bando ikafika kwenye seva. Ya mama, kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ikagoma. Nikataka kuvuruga mipangilio tena, baba akanizuia: "Kaa kwanza, unywe chai." Nashukuru alinizuia, maana jibu la "hakuna jina hilo" nalo huhifadhiwa njiani kwa muda, na sisi tulikuwa tumeuliza usiku kucha. Chai haijaisha, simu ya mama ikafunguka. Akausogeza karibu ukurasa wa Kiingereza wa Apache, programu inayotoa kurasa kwenye seva yetu.

"Mwanangu, hapa wameandika inafanya kazi. Mkate wa kumimina uko wapi?"

Swali lake ndilo lililonifikisha. Apache ikiletewa jina isilolijua haikatai, humpeleka mgeni kwenye tovuti ya kwanza katika mpangilio wake. Mimi nilikuwa nimeandika jina kuu peke yake. Nikaongeza mstari wa ServerAlias, nao una nyota, nikaiagiza Apache isome mpangilio upya. Likabaki onyo la usalama, kwa sababu cheti kilikuwa cha jina kuu tu. Cha nyota Let's Encrypt wanakitoa tangu 2018, ila lazima uthibitishe umiliki kwa rekodi ya TXT kwenye DNS. Nikaiweka, onyo likaondoka.

Adhuhuri mama alikuwa akisoma maneno ya mama yake, kidole juu ya kioo, polepole. Simu ikalia mikononi mwake. Muscat.

"Dada, tui zito au jepesi?"

Mama akalivuta daftari, akalifungua, akamsomea.