Nkt! Wapangaji Mnapigania Malandilodi

Nkt! Kila jioni ni hayo kwa hayo. Pita Umoja, Buruburu ama Donholm, huku kwetu Eastlands, Nairobi, saa ya watu kutoka kazini, pale ukutani karibu na duka la M-Pesa, utawakuta wameanza. Huyu ni wa Windows, yule ni wa Mac, na pembeni yuko kijana wa chuo na Linux yake, anangoja aulizwe swali moja ajibu nusu saa. "Mac haishiki virusi!" "Na flashi utaichomeka wapi, mkubwa?" "Wewe nyamaza, Windows yako imeandika pale chini uilipie tangu Januari!" Mate yanaruka, sauti zinapanda, watu wazima wenye watoto wanakosana hadi kesho yake hawasalimiani.

Mimi hilo linaniuma, na nitasema kwa nini. Mnagombania kitu ambacho wengi wenu hamkukichagua. Hiyo laptopu unayoitetea ilinunuliwa na ofisi fulani huko Uingereza. Ikatumika miaka mitatu, minne, ikauzwa kwa mafungu, ikapanda meli, ikashuka Mombasa, mwisho ikapangwa kwenye kabati la kioo Luthuli Avenue ama Moi Avenue na kibandiko kimeandikwa ex-UK. Aliyeamua wewe uwe mtu wa Windows ni karani wa manunuzi asiyejua Jogoo Road iko wapi. Ofisi zao zilipenda HP, Dell na Lenovo, basi Eastlands nzima tukawa watu wa EliteBook na ThinkPad. Zingependa Mac, leo mngekuwa mnaapa kwa Mac.

Sisemi wote hawana sababu. Mtu wa studio nampa haki yake. Eastlands hii ndiyo iliyozaa muziki wa genge. Studio ya Calif Records ilibeba jina la mtaa wa California. Prodyusa aliyejifunza kupiga biti kwa FruityLoops alikuwa hana budi kukaa Windows, maana programu hiyo ya Wabelgiji ilitoka 1997 na haikupata toleo kamili la Mac hadi 2018. Na aliyezoea Logic naye hana pa kwenda, kwa sababu mwaka 2002 Apple iliinunua kampuni iliyoitengeneza na kulikata toleo la Windows. Kwa hao, mapenzi yako vidoleni. Miaka kumi umebonyeza vitufe vilevile usiku na mchana, mtu hawezi kukuambia uhame kwa sababu ya maneno ya ukutani.

Lakini nyinyi wengine! Mwaka 1997, huku mashabiki wa Apple na wa Microsoft wakiwa wamenuniana, Steve Jobs alipanda jukwaani Boston akatangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple. Uso wa Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa, ukumbi ukazomea. Wakubwa walikuwa wameshamaliza yao, wakatia sahihi, wakaendelea na biashara. Waliobaki na kinyongo ni mashabiki. Ndiyo nasema mnafanana na wapangaji wa Kayole wanaopigana ngumi juu ya nani ana landilodi mzuri, na malandilodi wenyewe wanakula nyama choma meza moja.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Swali la maana ni hili: nani ana uwezo wa kuiua mashine yako ikiwa bado nzima?

Chukua EliteBook 840 G3, hii ya elfu ishirini na kitu iliyojaa mtaani. Igeuze, fungua skrubu za kifuniko cha chini. Ndani kuna nafasi mbili za RAM, unachomoa ya 4 unaweka ya 8. Kuna nafasi ya SSD ndogo, na kuna nyingine ya diski ya kawaida. Betri ikifa, fundi anaibadilisha ukinywa chai. Mashine ya 2016 na bado inachapa barua saiba, inafanya eCitizen, inamfundisha mtoto hesabu. Haina kosa lolote. Lakini prosesa yake ni ya kizazi cha 6, na Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilisema inataka kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga ulinzi wa kawaida wa Windows 10. Wameacha mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa anayejisajili. Baada ya hapo mwizi wa mtandaoni akipata tundu, hakuna wa kuliziba. Fundi anaweza kukupitishia Windows 11 kwa mlango wa nyuma, na itawaka vizuri tu, ila Microsoft wenyewe wamesema mashine ya namna hiyo hawaihakikishii masasisho.

Mtu wa Mac asicheke. MacBook Pro za Retina, kuanzia ile ya 2012, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Mwishoni mwa 2020 Apple ilianza kuiacha Intel na kuhamia chipu zake, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Mac za mtumba zilizojaa kwa wauzaji wetu ni zipi? Ni hizohizo za Intel. Na kuna balaa la pili: mashine iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Inang'aa, inawaka, halafu inakuomba nywila ya mtu aliye Manchester. Pesa zimeenda, na fundi anatikisa kichwa.

Kijana wa Linux hapo ndipo anapopata haki ya kuongea, na mimi nasema aachwe aongee. Ubuntu, aina ya Linux ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilipotoka 2004, walikuwa wakituma CD kwa posta bila malipo popote duniani, na waliendelea hivyo hadi 2011. Mwaka huohuo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili chetu. Watu wa Linux ndio wanaoweza kuichukua hiyo G3 leo na kuipa miaka mingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Ila kijana naye aseme ukweli wote. CV iliyopangwa kwa Word ikifunguliwa kwingine majedwali yanahama. Karatasi ya kodi ya KRA ya Excel imejaa makro. Toleo la ODS linalofunguka kwa Linux lipo, lakini jaribu kumwelewesha mteja wa saiba tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, foleni imefika barabarani. Mwenye saiba hana muda wa itikadi, ana kodi ya chumba.

Kwa hivyo hasira yenu muipeleke kwa muuzaji anayejua tarehe zote hizi na bado anakuuzia G3 kwa bei ya G5 iliyo mpya zaidi, huku akikuambia "hii ni mashine ya miaka, boss." Hiyo ni dhuluma. Kuna mama anauza mboga Mutindwa, ameweka akiba mwaka mzima amnunulie binti yake laptopu ya chuo. Ana haki ya kuambiwa ukweli. Na laptopu zitakazotupwa kwa sababu ya tarehe ya watu wa ng'ambo hazirudi Uingereza; nyingi zitaishia jaa la Dandora, na vijana wetu wachome nyaya watoe shaba huku wakivuta moshi ule.

Mkienda kununua, muombe muuzaji awashe, msome jina la prosesa. Ikiwa ni i5, tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6 ama 7, shusha bei ama panga kuweka Linux; 8, lipa. Ikiwa ni Mac, ifutwe mbele yako na iwashwe upya hadi mwisho. Akikataa, vuka barabara, maduka ni mengi.