Hema Kwenye Njia ya Ng'ombe

Safari nzima haikutoka nje ya Kaunti ya Kajiado, lakini kwa mizigo tuliyopakia ungedhani tunahamia Turkana. Kutoka Kitengela unapita Tuala, unaibukia Rongai, unaishika barabara ya Magadi hadi Kiserian, kisha unakata kulia kuelekea Ngong. Siku ambayo Rongai haina msongamano, mwendo wake ni mfupi tu. Siku hiyo mimi sijawahi kuiona, ila watu ninaowaheshimu wanasema ipo.

Wazo lilikuwa la baba watoto. Alikuwa ameona picha kwenye simu: familia fulani imeketi mbele ya hema la rangi ya chungwa, moto mdogo unawaka, kila mtu anatabasamu na nywele za mama zimetulia tuli. Hizo nywele ndizo zilizonitia shaka. Ngong nywele hazitulii. Serikali isingepeleka mitambo ya umeme wa upepo mahali ambapo nywele za watu zinatulia.

Nilibeba jiko la makaa, sufuria, mwiko, unga, majani chai na chapati nilizozipika hadi usiku wa manane. Kifunguamimba, miaka tisa, alibeba kitabu. Wa kati, miaka sita, alibeba treni yake ya plastiki. Kitindamimba, miaka mitatu, alibeba mafua.

Kambi yenyewe ilikuwa shamba la mtu miguuni pa vilima. Mlinzi alitunyoshea mkono akasema tuchague tunapotaka. Baba watoto akazunguka, akakanyagakanyaga, akapiga magoti, hatimaye akapata kipande kilichonyooka vizuri, hakina jiwe, hakina hata jani, udongo umeshindiliwa ukawa sakafu. Akasema, "Hapa pametengenezwa." Kweli palikuwa pametengenezwa. Swali la nani aliyepatengeneza halikuulizwa.

Kusimamisha hema penye upepo si kazi ya ndoa changa. Kitambaa kikishaushika upepo wa Ngong kinakuwa tanga la jahazi, na aliyeshika kamba anakuwa baharia apende asipende. Tulimwingiza kitindamimba ndani awe uzito huku tukigongelea vigingi. Alifurahi mno. Hakutosha, ikabidi na wa kati aingie na treni yake.

Tulikuwa bado tunagonga pale mzee wa Kimaasai alipofika, shuka begani, rungu mkononi, simu ikining'inia kifuani. Watoto wetu wamekulia Kitengela, wanajua adabu ya jirani: wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja bila haraka. Kisha akatugeukia.

"Mtalala hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Akatazama hema, akatazama mlima, akarudi kutazama hema. "Haya. Ng'ombe watapita."

Baba watoto akacheka, akasema sisi hatuogopi ng'ombe.

"Sikusema mnaogopa," mzee akajibu, akaenda zake.

Usiku tulikuwa tumeahidiwa nyota. Tulichokiona ni taa za Nairobi zimetandazwa upande mzima wa mashariki, na tulichokisikia ni muziki wa baa kutoka mjini Ngong, tena nyimbo zile zile zinazotunyima usingizi Kitengela. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko wa nyumbani, ndiyo maana mama mkwe aliweza kutupigia simu ya video na kuona kila kitu.

"Mwanangu, kwani mmefukuzwa kwenye nyumba?"

"Hapana, Mama. Tumekuja kulala nje kwa kupenda tu."

Kimya. "Kodi mmelipa?"

"Tumelipa. Na hapa pia tumelipa."

"Mmelipa mlale chini?" Akavuta pumzi ya mtu aliyesomesha watoto kwa kuuza maziwa. "Hebu nipe mama watoto."

Sitaandika tuliyozungumza. Sote wawili tulikubaliana.

Zipu ya hema nayo ina uhusiano na kibofu cha mtoto ambao madaktari wangepaswa kuuchunguza. Unafunga ya dirisha, kimya. Unafunga ya neti, kimya. Unafunga ya mlango, mmoja anasema, "Mama, susu." Unamtoa, unamrudisha, unafunga zote upya, na zamu inakwenda kwa wa pili. Hawakubanwa pamoja hata kwa bahati mbaya. Kitindamimba alifika chooni, akamulika shimo kwa tochi, akakataa katakata. "Choo kinanipulizia," alisema. Hakuwa anadanganya.

Tukapata usingizi kulipokaribia kupambazuka. Ndipo zikaanza kengele za shingoni, ngo, ngo, zikisogea. Ng'ombe wa mbele alifika akakuta nyumba katikati ya njia yake. Hakuzunguka, mbona azunguke? Alisimama akangoja sisi tuondoke. Akaleta pua kwenye wavu wa dirisha, pumzi yake ya moto yenye harufu ya majani yaliyotafunwa ikatujaa humo ndani, na uzi mrefu wa mate ukajipenyeza kwenye matundu, ukashuka taratibu, ukakomea juu kidogo ya paji la uso la baba watoto. Alifumbua macho. Hakusema neno. Nyuma ya yule wa mbele foleni ilikuwa imeshajipanga, na kijana mchungaji akapaza sauti: "Songesheni nyumba!"

Tukaisongesha. Vigingi vilikuwa vimeshang'oka vyenyewe usiku, kwa hiyo tuliinuka humo humo ndani tukatembea na hema letu pembeni, miguu kumi ikihangaika chini ya kitambaa. Ng'ombe wakapita. Nyuma yao mbuzi, na mbuzi hana haraka ya ng'ombe: mmoja alipitia kwenye kikapu akala chapati zangu, akaacha foili ikiwa safi. Watoto walimpigia makofi.

Tulipanda vilima kwa uji mtupu. Langoni walikuwapo askari wa misitu, na mmoja akatusindikiza na bunduki yake, akimbeba pia kitindamimba pale kwenye miinuko mikali. Kilele cha juu kina mita 2,460. Wapo wanaosema vilele vya Ngong ni vinne, wapo wanaosema ni saba. Miguu yangu iko upande wa saba.

Watoto hawakujali Bonde la Ufa upande mmoja wala Nairobi upande wa pili. Walitaka mitambo ya upepo. Baba watoto akapata darasa: kwamba miwili ya kwanza ilisimamishwa 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, kwamba baada ya KenGen kuongeza mingine sasa jumla ni megawati 25.5. Kitindamimba alimsikiliza hadi mwisho, meno yakigongana kwa baridi, kisha akanivuta mkono: "Mama, waambie wazime hizo feni."

Wa kati ndiye aliyetumaliza. Askari alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba treni ya SGR ya kwenda Naivasha inapita chini ya vilima hivi, upande wa kaskazini, ndani ya handaki la kilomita 4.5. Mtoto akalala kifudifudi, sikio kwenye nyasi, treni yake ya plastiki mkononi, akasema anaingoja. Tukamweleza kwamba handaki liko mbali na pale. Akasema basi tunyamaze ili asikie. Askari mwenyewe akainamisha kichwa akisikiliza.

Hema likishatoka kwenye mfuko wake halirudi. Aliyewahi kulirudisha ajitokeze. Tulilikunja, tukalikalia, tukalifunga kwa mshipi wa baba watoto, na bado lilijaza kiti cha nyuma hadi darini, watoto wamelikumbatia. Karibu na Tuala askari wa trafiki akatusimamisha. Akachungulia: sufuria, jiko, mablanketi, sura zetu zenye vumbi.

"Mnahama?"

"Hii ni nyumba yetu," kitindamimba akamwambia, akilipigapiga hema.

Askari akamtazama, akamtazama baba yake aliyekuwa ameshika suruali isimvuke. "Pole sana, mzee. Endeni tu." Hakuomba hata leseni.

Baba watoto anasema hema limeanza kujilipa.