Nkt! Waya wa Mlango Umewakosea Nini?

Nkt! Jamani, kwani waya wa watu umewakosea nini? Juzi hapa Suna, kando ya barabara ya kwenda Isebania, jaduong' mmoja, yaani mzee, alileta Pijo yake, 504 ile ya zamani. Taa ya ndani haizimiki. Mlango ukiwa wazi inawaka, ukifungwa inawaka, na kila kukicha vijana wanaitwa kuja kusukuma gari. Fundi hakuuliza, hakupima. Alichukua koleo, kacha! Akakata waya wa swichi ya mlango, akauzungushia selotepu nyeusi, akanyoosha mkono alipwe.

Omera, hiyo ni kazi gani?

Gari lenyewe si la kudharauliwa. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikaja kushinda tena 1978, kwenye vumbi na matope ya nchi hii hii. Kabla Probox hazijajaa stejini, Pijo ndizo zilizotubeba, magoti yakigusana, mizigo juu. Leo iliyobaki inaharibiwa na mtu asiyetaka kuinama dakika kumi!

Na swichi yenyewe ni kitu kidogo mno. Kipini chenye springi kwenye nguzo ya mlango, waya mmoja, skrubu moja. Taa ina moto muda wote kutoka kwenye fyuzi. Inachosubiri ni njia ya kurudi betri, yaani arthi. Ukifungua mlango, kipini kinachomoka, waya unagusana na bodi, taa inawaka. Ukifunga, kipini kinasukumwa ndani, arthi inakatika. Basi.

Sasa taa ikikataa kuzima, kwanza tazama kitufe cha taa yenyewe pale juu, maana kuna abiria huwa wanakichezea kikabaki kwenye kuwaka daima. Kama si hicho, fungua skrubu, vuta swichi nje taratibu, uchomoe waya. Ushike usiguse chuma. Taa ikizima, ubaya uko kwenye swichi: vumbi la murram limegandisha springi, au bawaba zimelegea na mlango haukifikii kipini. Taa ikiendelea kuwaka, basi waya umechubuka mahali, ndani ya nguzo au chini ya zulia, unalamba bodi. Ufuate mpaka uupate. Hapo ndipo selotepu ina kazi.

Na wale ambao taa yao haiwaki kabisa? Ugusishe waya huo kwenye chuma kilichokwanguliwa. Ikiwaka, waya ni mzima, swichi ndiyo imekosa arthi. Mara nyingi gari limetoka kupigwa rangi, na rangi imeingia mpaka kwenye tundu la skrubu. Kutu nayo hufanya vivyo hivyo. Msasa kidogo, skrubu safi, umemaliza. Isipowaka, nenda kwenye balbu na fyuzi kabla hujabomoa dari ya mtu.

Mtaniambia taa ndogo hiyo ina shida gani. Nkt! Balbu ya wati 5 kwenye betri ya volti 12 inakula karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 ni kama ampea-saa 10. Betri ya 45, tena iliyochoka, ikilala hivyo siku mbili, stata italia tik, tik, na mwenye gari atauziwa betri mpya asiyoihitaji. Huo ni wizi hata kama fundi hakukusudia.

Yule jaduong' humbeba mkewe kutoka kanisani jioni. Mama miguu inamuuma, anaipapasa ardhi kwa fimbo, na hapo mlangoni sasa ni giza totoro. Nimemwambia alete gari Jumamosi. Ncha mbili za waya bado zipo, skrubu ipo. Na yule fundi aje pia, ashike tochi.