Sifa za Salfa, Mtoza Hongo

Washairi wamekwisha kuisifu lulu na ambari, na wenyeji wa Puge, mahali ambapo barabara ya Tabora huelekea Nzega, hawachoki kusifu asali, mpunga na ng'ombe wao. Lakini katika sifa zote hizo sijapata kusikia mtu aliyefungua kinywa kumtukuza salfa, ambaye wahenga walimwita kiberiti upele, na ambaye akikutana na haidrojeni hutoa harufu ya yai viza, hata wageni barazani wakatazamana, kila mmoja akimdhania mwenziwe. Dhuluma hii imedumu mno, na leo naomba idhini ya kuiondoa.

Kwa nasaba, salfa si mgeni wa mtu. Yumo katika nywele na kucha zetu, yumo katika kitunguu saumu, na yumo katika malisho ya ng'ombe, ambayo yakisha kuwa samadi na kutiwa katika mtambo wa gesi wa namna ile iliyoenezwa vijijini na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, huvunjwa na vijidudu visivyohitaji hewa, ikapatikana methani, gesi njema ya kupikia. Na pamoja nayo hutoka haidrojeni salfaidi, mara nyingi kwa mamia ya sehemu katika milioni, pengine kwa maelfu. Mpishi huona baada ya muda kwamba jiko linaliwa na kutu, lakini hasemi neno, kwa kuwa wali umeiva.

Sasa tazama jinsi mnyonge huyu anavyowatetemesha wakubwa. Mwaka 1937 Emil Baur na Hans Preis wa Uswisi walionyesha mtambo wa kutoa umeme katika gesi pasipo ndimi za moto wala gurudumu, yaani seli ya fueli ya oksaidi yabisi, ambayo kiini chake ni kauri ya zirkonia iliyopashwa joto kali hata oksijeni ikapenya ndani yake kwa hali ya ioni, ikaungana na gesi upande wa pili, na elektroni zikalazimika kuzunguka kwa njia ya waya, zikawa umeme. Katika seli za siku hizi, ambazo nyingi hufanya kazi kwa joto la baina ya digrii 600 na 1000, elektrodi ipokeayo gesi, ndiyo anodi, aghalabu hufanywa kwa nikeli iliyochanganywa na zirkonia. Ni mtambo wa fahari, mtulivu, na wenye dharau kwa injini za moshi.

Hapo juu ya nikeli ndipo salfa hujenga lango lake. Wasafiri waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji walijua kwamba hapana njia pasipo hongo, yaani ushuru wa kupita, na mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, matajiri wa Tabora, pamoja na msafiri Stanley mwenyewe, walitambua kwamba wingi wa mali na bunduki haumfikishi mtu aliyempuuza mwenye lango. Salfa naye hukaa mahali hasa ambapo haidrojeni itokayo katika gesi ingevunjwa itoe elektroni zake, akanyoosha mkono, na umeme ukapungua papo hapo.

Na jinsi alivyo mtoza hongo mwadilifu! Kwa kiasi, hana haja ya jeshi, maana sehemu moja tu katika milioni ya gesi yatosha kuidhoofisha seli. Kwa huruma, akiwa amekaa muda mfupi, kisha ikaletwa gesi safi, huinuka akaenda zake, na nguvu iliyopotea hurudi, yote au sehemu yake kubwa. Na kadiri joto linavyopanda ndivyo mkono wake unavyolegea. Kwa uthabiti, akizidishwa mno, huigeuza nikeli yenyewe ikawa salfaidi, na hapo suluhu huwa ngumu. Wala hadharau mlango wa nyuma, kwani akiingia pamoja na hewa chafu katika hali ya dioksaidi, huishika strontiamu iliyomo katika katodi akaifanya salfeti.

Ni yeye pia aliyewapa wataalamu riziki. Wako walioiacha nikeli wakatafuta kauri za perovskaiti, zenye lanthanamu, strontiamu, kromiamu na manganizi, ambazo humvumilia zaidi ingawa kwa kawaida kazi yao huwa hafifu. Na wako wanaoipitisha gesi kwanza katika kutu ya chuma, ambayo humkamata, na ikisha kuchoka hupewa hewa ikajirudi, salfa akabaki humo na rangi yake ya manjano. Katika nchi ya Wanyamwezi, ambako majembe yalikuwa bidhaa ya misafara, si haba kwamba kutu, aibu ya jembe la mvivu, imepandishwa cheo ikawa mlipa hongo kwa niaba ya kauri.

Atakayesema kwamba namsifu mharibifu na awaulize wakulima wa Mtwara, ambao humpulizia salfa juu ya mikorosho ili kuyaokoa maua na ubwiri unga. Na akumbuke kwamba mwezi Machi 1937, mwaka ule ule wa Baur na Preis, gesi isiyo na harufu ilijikusanya chini ya shule ya New London, Texas, ikalipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo sheria ikaamuru gesi itiwe harufu, na misombo ya salfa ndiyo inayotuamsha hata leo mtungi unapovuja jikoni.

Gesi safi ni mali ya wenye visima na mabomba. Puge ina samadi. Mtambo ule wa umeme ukiletwa hapa, ukalishwa gesi ya ng'ombe wa hapa, ukafa, deni na adaiwe fundi aliyepanga safari bila kuhesabu hongo ya njia. Salfa hakumvizia mtu, kwani harufu yake alikwisha kuitanguliza.